Ufito Mmoja wa Bei Nafuu Utoshao Nyumba Nzima

Mtaa wa Kiyovu, mjini Kigali, umekaa kwenye mteremko wa kilima cha Nyarugenge. Atokaye mlangoni asubuhi huona miti mikubwa ya kando ya barabara, maofisi, hoteli, na mabonde ya mbali yaliyofunikwa na ukungu, ziwa haoni. Maji yaliyo karibu naye ni ya mto Nyabugogo, upitao bondeni ukitokea Ziwa Muhazi na kwenda kujimwaga katika Nyabarongo, nayo yakifika hapo mjini huwa yamekwisha kuchoka kwa udongo na taka, wala si mahali pa kumshauri mtu atupe ndoana. Kwa hiyo mvuvi wa Kiyovu ni mvuvi wa safari. Mwenzake wa Kibuye au wa Mwanza akisahau chubwi hurudi nyumbani kuichukua. Yeye akifika ufukweni akagundua kuwa mshipi umeoza au kipete cha ufito kimepasuka, siku yake imekwisha, nauli imepotea, na jioni mboga itanunuliwa sokoni kwa fedha iliyokwisha kupungua.

Ndiyo maana shauri la ufito ni shauri la nyumbani kabla halijawa shauri la ziwani. Yafaa litazamwe kama yanavyotazamwa mambo ya cherehani au jiko la mkaa: chombo kinunuliwe kwa hesabu, kiandaliwe kabla ya kazi, kisha kitunzwe ili kidumu.

Kwa miaka mingi wenyeji waliutaja mtaa huu kwa majina mawili, Kiyovu ya matajiri na Kiyovu ya maskini. Upande wa maskini ulibomolewa mnamo mwaka 2008, na wakazi wake wengi wakapelekwa Batsinda, nje kidogo ya mji. Lakini hata leo, katikati ya majumba ya ghali, hawakosekani watu wa mshahara wa kawaida wanaoamka humo alfajiri: askari wa lango, mtunza bustani, mpishi, dereva, karani. Kwa watu kama hao ufito wa kuvulia wenye rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, si mchezo wa kupitishia Jumapili. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2019 hadi 2020 ulikuta kuwa asilimia 33 ya watoto wa Rwanda wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Samaki peke yake hataondoa tatizo hilo, ila nyumba inayopata sato mara kwa mara, bila kumnunua kwa bei ya mjini, imewaongezea watoto wake chakula cha kujenga mwili.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo yanafaa sana dukani, mahali ambapo mnunuzi husimamishwa mbele ya fito za kila rangi na kuambiwa kuwa hii ni ya samaki wadogo, ile ni ya wakubwa, na ile nyingine ni ya kuvulia mashuani. Mtu wa kipato kidogo hana haja ya fito tatu. Anahitaji mmoja wa wastani, wenye urefu wa futi 6 na nusu hadi 7, yaani mita 2 hivi, uliogawanyika vipande viwili ili uingie ndani ya basi. Karibu na mpini huwa pameandikwa maneno na tarakimu ambazo wanunuzi wengi hawazisomi, ingawa ndizo hati ya chombo chenyewe. Tarakimu za kwanza hueleza nguvu ya mshipi unaofaa, aghalabu kwa ratli. Za pili hueleza uzito wa chambo na chubwi unaoweza kutupwa, aghalabu kwa sehemu za wakia. Ufito unaokubali mshipi wa ratli 6 hadi 12, yaani kilo 3 hadi 5 na nusu hivi, na uzito wa gramu 7 hadi 18, utamtosha mtu kwa karibu kila samaki atakayekutana naye katika maziwa ya Rwanda. Akitupa kitu chepesi kupita kiasi hicho, ufito haupindi na chambo huanguka miguuni pake. Akitupa kizito mno, siku moja atabaki na mpini mkononi.

Kuhusu kitu ulichotengenezwa nacho ufito, shauri la wauzaji lisifuatwe kwa haraka. Fito za nyuzi za kaboni ni nyepesi, na mwenye nao huhisi samaki akigusa tu. Lakini zikigongwa kwenye mlango wa gari au zikikanyagwa na mtoto hupata ufa usioonekana, na ufa huo hungoja siku ya samaki mkubwa. Tena kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo ufito wa namna hiyo usiinuliwe kamwe chini ya nyaya za stima. Fito za nyuzi za kioo ni nzito kidogo, huchosha mkono wa mtu mwembamba, lakini huvumilia maonevu ya nyumba yenye watoto. Zipo pia zilizochanganywa. Mwaka 1976 kampuni ya Kimarekani iitwayo Shakespeare ilitoa ufito wa mchanganyiko huo, ikauita Ugly Stik, maana yake fimbo yenye sura mbaya, na sura hiyo mbaya imeuzwa kwa wingi hadi leo kwa sababu haivunjiki ovyo. Kampuni hiyo haina uhusiano na tamthilia alizozitafsiri Mwalimu Nyerere. Iliasisiwa huko Michigan mwaka 1897 na mtu ambaye kweli alibatizwa jina la William Shakespeare.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe pamba kidogo. Aipitishe ndani ya kila kipete ambamo mshipi hupita, akiizungusha pole pole. Pamba ikinasa nyuzi zake mahali, hapo pana mkwaruzo, na mkwaruzo huo utaukata mshipi kama msumeno. Kisha aunganishe vipande viwili na kuvitikisa, kiungo kisigonge. Kiungo kikilegea kidogo baada ya miaka, dawa yake ni mshumaa: ncha ya kipande cha juu hupakwa nta mara mbili tatu, ikakaza tena. Kuvitenganisha, vivutwe kwa kunyoosha, visipotolewe.

Rili yenyewe ina historia inayopendeza, hasa kwa wenye cherehani. Zamani mshipi ulikunjwa kwenye gurudumu lililozunguka kila mara unapotupwa, na gurudumu likikimbia kuliko mshipi, matokeo yalikuwa fundo kama kiota cha ndege. Mwaka 1905 Alfred Holden Illingworth, mtu wa viwanda vya sufu vya Bradford, Uingereza, alipata hataza ya rili ambayo bobini yake haizunguki mshipi unapotoka. Mshipi huruka kwa mwishoni, kama uzi wa kiwandani uchomokavyo kutoka ncha ya kijiti chake. Mtu wa samaki alikuwa ameazima akili ya mtu wa nguo. Rili za bei ndogo zinazouzwa leo bado hufuata akili hiyo hiyo: bobini iliyotulia, upinde wa waya unaofunguka ili mshipi utoke, na mkono wa kuzungushia. Nailoni, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya Du Pont huko Marekani, ndiyo iliyoifanya rili hiyo kuwa chombo cha kila mtu, kwa kuwa ni rahisi, haiozi kwa maji, nayo huteleza.

Hapa ndipo fedha inapostahili kwenda. Ufito wa bei nafuu wenye mshipi mzuri huvua. Ufito wa ghali wenye mshipi mbovu haufai hata kuanikia nguo. Mshipi unaouzwa pamoja na rili rahisi mara nyingi ni mgumu, wenye kujikunja kama chemchemi, na ni afadhali utolewe wote. Hata hivyo usitupwe. Ukikunjwa kwanza chini kabisa ya bobini, hujaza nafasi, na juu yake zikaungwa mita 100 tu za mshipi mzuri, kwa kuwa hakuna mvuvi wa ufukweni atakayezidisha hapo. Mshipi ujae mpaka ubaki upana wa milimita 2 au 3 chini ya ukingo wa bobini. Ukipungua sana, hautafika mbali, kwa maana utakwaruza ukingo kila ukitoka; ukizidi, utamwagika kwa makoja.

Kazi ya kuukunja ni ya watu wawili, na mtoto wa miaka kumi huiweza. Mmoja huzungusha rili, mwingine huushika mshipi kati ya vidole ndani ya kitambaa kibichi ili ukazike. Bunda la mshipi mpya lilazwe sakafuni, na baada ya mizunguko ishirini kazi isimame, mshipi ulegezwe kidogo. Ukianza kujipota, bunda ligeuzwe upande wa pili kisha kazi iendelee. Nusu saa hiyo ya sebuleni itaokoa saa nyingi za ziwani. Wanaoiruka ndio wale wanaoonekana wamekaa juu ya mwamba wakifumua mafundo huku sato wakiruka mbele yao.

Kisha kuna breki. Mbele ya bobini, au nyuma ya rili, pana kifungo cha kukaza na kulegeza, na wengi hudhani kazi yake ni kukazwa mpaka mwisho. Sivyo. Breki imewekwa ili samaki mwenye nguvu auvute mshipi utoke badala ya kuukata. Kipimo chake ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, na hakuna haja ya kununua mizani kwa ajili hiyo. Chupa iliyojaa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja na kidogo. Mwenye mshipi wa kilo 4 na aufunge shingoni mwa chupa hiyo, ainue ufito taratibu, na kulegeza breki mpaka chupa ianze kushuka kwa kusitasita. Hapo pasiguswe tena. Jambo moja tu litunzwe: samaki akiwa anavuta na bobini inalia, mkono wa rili usizungushwe, kwa sababu kila mzunguko hapo hauingizi mshipi hata kidogo, ila huupota.

Fundo la kufungia ndoana ni jambo ambalo mkono hulijifunza mezani wala si gizani. Ncha ya mshipi hupitishwa katika tundu la ndoana, ikazungushwa mara tano kuuzunguka mshipi wenyewe, ikarudishwa katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha katika kile kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukazwa hulowanishwa kwa mate. Nailoni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano, na fundo lililoungua hukatika kwa nusu ya nguvu yake, mvuvi akabaki akilaumu kiwanda.

Yanayobaki ni mazoezi, na hapo kilima cha Kiyovu kinafaa kuliko ziwa. Ndoana isifungwe, badala yake ifungwe nati ya chuma yenye uzito wa gramu 10 hivi. Beseni la kufulia liwekwe hatua kumi na tano mbele, mbali na madirisha ya jirani na mbali na nyaya. Mtupaji hushika mshipi kwa kidole cha shahada, hufungua upinde wa waya, huurudisha ufito nyuma mpaka usawa wa sikio na kuupeleka mbele kwa mkono mtulivu, akiachia kidole pale ufito unapoelekea mbele na juu kidogo. Nati ikipaa mbinguni, ameachia mapema. Ikipiga chini karibu na miguu, amechelewa. Hakuna nguvu inayohitajika, ufito wenyewe ndio unaotupa. Akina mama na watoto mara nyingi hulishika somo hili upesi kuliko akina baba, kwa kuwa hawajaribu kuutupa mshipi kama mkuki. Baada ya kutupa, upinde wa waya ufungwe kwa mkono wala si kwa kuzungusha rili. Mazoea hayo madogo huondoa nusu ya mipoto yote na kuiongezea rili rahisi miaka.

Safari ya karibu kwa mtu wa Kigali ni ya Muhazi, ziwa refu na jembamba lililojaza mabonde ya mashariki ya mji, linalofikiwa kwa basi kwa saa moja hadi mbili kulingana na upande wa ziwa. Siku ichaguliwe vizuri. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, na mpaka saa tano asubuhi barabara huwa kimya. Aliyepanga safari siku hiyo atajikuta na jembe mkononi, kama ipasavyo. Jambo la pili ni kibali. Maziwa ya Rwanda yana sheria na vyama vya ushirika vya wavuvi, na miezi mingine uvuvi husimamishwa ili samaki wakue. Afikaye aulize kwanza katika ofisi ya sekta au kwa chama cha pale kabla hajafungua mfuko wake. Swali hilo halina gharama, na vyombo vilivyochukuliwa na askari havirudi upesi.

Sato hupenda pembezoni, penye matete na majani, hasa asubuhi mapema na jua linapopoa. Chakula chake kikubwa ni vijimea vidogo vya majini, kwa hiyo hana mdomo wa kunyakua, naye hunusa na kuonja. Ndoana ndogo yenye kipande cha nyungunyungu, au donge la ugali mgumu lenye ukubwa wa punje ya mahindi, vyatosha. Kiboya huweza kukatwa kutoka kizibo cha chupa, na chubwi iwe ndogo kiasi cha kukisimamisha tu. Kiboya kikicheza, mvuvi avumilie. Kikienda upande au kikizama, auinue ufito kwa wepesi, asiurushe. Chambo bandia kama vijiko vya kung'aa humshawishi sato mara chache, na mtu asiye na fedha ya kupoteza aviache dukani. Yafaa ieleweke pia kuwa jike la sato hutunza mayai na vifaranga wake ndani ya kinywa. Akivuliwa jike ambaye vitoto vinamtoka mdomoni, arudishwe majini hapo hapo pamoja navyo.

Jambo moja la afya lastahili kutajwa hapa, kwa kuwa ndilo linaloupa ufito wenye rili heshima yake ya kweli. Katika maziwa mengi ya Afrika Mashariki, pamoja na ya Rwanda, konokono wa pembezoni hubeba kichocho. Mwenye mwanzi na mshipi mfupi hulazimika kuingia majini hadi magotini ili amfikie samaki. Mwenye rili hutupa hatua thelathini akiwa amesimama pakavu. Watoto wawekwe pakavu pia. Katika maziwa ya upande wa Akagera sababu ya kukaa mbali na maji ni kubwa zaidi, maana huko wamo mamba na viboko, na ruhusa ya kuvua ndani ya hifadhi hutolewa na hifadhi yenyewe.

Kambare ni habari nyingine, naye ndiye atakayeupima ufito wa bei nafuu. Hula usiku na jioni, chini kabisa penye tope, akiongozwa na harufu. Matumbo ya kuku au ini lililoanza kunuka, ambalo mama wa nyumba atafurahi kuona likitoka jikoni, ndicho chambo chake. Chubwi hapa isifungwe imara. Ipitishwe mshipi katikati yake iwe inateleza, ikizuiwa na kifundo umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye ndoana, ili kambare auchukue mshipi bila kuhisi uzito. Ufito ufungwe kwa kamba kwenye kigingi, kwa sababu wengi wamewahi kuuona ukiondoka wenyewe majini. Kambare akishanaswa, mtu asiuinue ufito kupita wima, maana hapo uzito wote huangukia ncha iliyo nyembamba. Pembe kati ya ufito na mshipi isiwe kali. Na mnyama huyo asiinuliwe kutoka majini kwa ufito. Avutwe mpaka ukingoni, kisha achukuliwe kwa kikapu. Mapezi yake ya kifuani yana miiba yenye kuchoma vibaya, hivyo ashikwe nyuma ya kichwa.

Katika Muhazi yumo pia kamongo, ambaye si mwenyeji wa asili wa ziwa hilo bali aliingizwa na binadamu. Huvuta hewa juu ya maji, na taya zake hukata nailoni kama mkasi. Akimnasa bila kumkusudia, mvuvi mwenye busara hukata mshipi na kumwacha, vidole vyake vikiwa kumi.

Kivu ni safari ya siku mbili na mfuko mwingine. Samaki anayelisha watu huko ni sambaza, dagaa aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye huvuliwa usiku kwa taa na nyavu juu ya mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Ufito hauna kazi naye. Pembezoni, penye mawe, huweza kuvuliwa sato kwa kiboya kama kule Muhazi. Onyo moja tu: upande wa Goma, katika mashimo na mabonde madogo karibu na ziwa, hukusanyika hewa nzito yenye kuua, ambayo wenyeji huiita mazuku. Mvuvi wa alfajiri asikae shimoni kujikinga na baridi, hata pakionekana pazuri vipi.

Kurudi na samaki hadi Kiyovu nako kuna utaratibu wake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, na anayeingia nchini nayo hunyang'anywa mpakani. Basi asitarajie kuwabeba sato kwa njia hiyo. Nyungunyungu waende ndani ya kopo lenye udongo. Samaki auawe mara anapotoka majini, atumbuliwe pale pale, matamvua yaondolewe, asuguliwe kwa chumvi kidogo tumboni, kisha afungwe ndani ya majani ya mgomba na gunia lililoloweshwa. Gunia likiwa linapepewa na upepo, maji yake yanapokauka hupoza kilichomo. Kwa hali ya hewa ya nyanda hizi, samaki aliyetunzwa hivyo hufika mzima. Aliyeachwa juani ndani ya ndoo tangu asubuhi atafika pia, ila abiria wa basi zima watajua.

Jioni, kabla mpishi hajamaliza kukaanga, ufito upewe dakika zake kumi. Upanguswe kwa kitambaa kibichi pamoja na rili. Usimwagiwe maji ya bomba kwa nguvu, kwani huisukuma michanga ndani ya meno ya rili. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya mkono wa rili na jingine kwenye kiroda kidogo anapopita mshipi kwenye upinde wa waya vyatosha kwa mwezi. Mafuta ya kupikia yasitumike, maana hugeuka ulimbo. Breki ilegezwe kabisa mpaka safari ijayo, la sivyo visahani vyake hujibana na kupoteza ulaini. Kipete kilichofunguka hufungwa tena kwa uzi wa kushonea, kikapakwa rangi ya kucha mara mbili, nacho hudumu kama cha kiwandani. Ufito usisimamishwe kwenye pembe ya nyumba miezi na miezi, kwani hupinda. Ulazwe juu ya misumari miwili ukutani, mbali na dirisha, kwa sababu jua huiua nailoni hata isipotumika. Kwa safari, kipande cha bomba la plastiki la fundi wa maji, chenye urefu wa mita 1 na sentimita 10 na kizibo kila upande, huwa ala nzuri kuliko mifuko ya dukani, na hata kikipigwa na mizigo ya basi hakina shida.

Mita mbili za kwanza za mshipi, zilizokwaruzwa na mawe na meno, hukatwa usiku huo huo na kutiwa ndani ya kopo la taka la nyumbani. Vipande vikiachwa ufukweni huwafunga miguu ndege wa ziwani na fisi maji. Kwa kukata hivyo kila safari, mita 100 za mshipi huhitaji kuongezwa baada ya mwaka mmoja hivi, na hapo wale watu wawili, na mtoto wao mwenye kitambaa kibichi, hukaa tena sakafuni na bunda jipya.